Nat King Cole: Sauti waliyoitaka sebuleni, mwenyewe wakamkataa mtaani

Ikifika Desemba, ingia supamaketi yoyote ya Nairobi, iwe ya katikati ya jiji au ile ya mtaani kwenu iliyo chini ya fleti. Utasukuma kile kitoroli chako kati ya maboksi ya biskuti na mafuta ya kupikia yaliyoshushwa bei, na kutoka juu kwenye spika utamsikia mwanamume akiimba taratibu kuhusu Krismasi ya nchi za baridi. Sauti yake haina haraka. Ni kama mjomba aliyeketi kwenye kochi, ameshiba, anakusimulia jambo. Nje jua linachoma, wewe una jasho la matatu, na huyu jamaa anakuimbia baridi.

Ngoja nikuambie jambo la kwanza. Waliouandika wimbo huo, Mel Tormé na Bob Wells, waliuandika California mwaka wa 1945 katikati ya joto la Julai, wakijaribu kujipoza kwa mawazo. Na aliyeuimba aliurekodi New York katika kiangazi cha 1946. Kwa hivyo usijione wewe pekee unayetoa jasho.

Mwimbaji ni Nat King Cole. Alifariki 1965. Huenda nyanya yako alikuwa msichana wa shule wakati huo. Nilikuwa namchukulia kama muziki wa lifti, ule unaochezwa kwa wadosi wakisubiri meza hotelini. Halafu nikaanza kusoma maisha yake nikajipata usiku wa manane bado niko macho, kwa sababu kumbe ulaini ule wote ulikuwa na bei, na aliilipa pande mbili.

Alizaliwa Montgomery, jimbo la Alabama, Machi 17, 1919. Jina la nyumbani ni Nathaniel Adams Coles, hiyo "s" ya mwisho aliidondosha baadaye. Alipokuwa na miaka kama minne, familia ilihamia Chicago, kama zilivyofanya maelfu ya familia za watu weusi zilizokuwa zikitoroka kusini kwa sababu ya ubaguzi na umaskini. Baba yake, Edward, akawa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti. Mama yake, Perlina, alicheza kinanda kanisani, na ndiye aliyemfunza Nat piano. Hakuwa peke yake. Ndugu zake Eddie, Ike na Freddy wote waliishia kuwa wanamuziki. Fikiria kelele za nyumba hiyo.

Kama wewe ni mtoto wa pasta, hadithi hii unaijua bila kuambiwa. Jumapili unacheza nyimbo za injili, na usiku wa wiki unachungulia klabu. Mtaa wao wa Bronzeville ulikuwa umejaa jazz, na Nat alikuwa akisimama nje ya klabu kuwasikiliza Louis Armstrong na hasa Earl Hines, mpiga piano ambaye mkono wake wa kulia ulicheza kama tarumbeta. Kijana alimwiga Hines mpaka akawa anatafutwa. Alipofika miaka 15 aliacha shule awe mwanamuziki wa kudumu.

Hapo nilisimama kidogo, nakiri. Mimi mwenyewe nilitoka chuo mwaka wa pili, na najua ile sura ya wazazi ukiwaambia. Lakini usinielewe vibaya, sikuandikii ili uache masomo kesho. Huyu alikuwa na mama aliyemfunza piano tangu utotoni, na mtaani kwao walipita watu waliokuwa wakibuni jazz yenyewe. Wewe na mimi tuna YouTube na bando ya shilingi ishirini.

Mnamo 1936 alirekodi kwa mara ya kwanza, katika bendi ya kaka yake Eddie. Kisha alijiunga na kikundi kilichozunguka na mchezo wa jukwaani ulioitwa Shuffle Along, na akamwoa mmoja wa wanenguaji, Nadine Robinson. Ziara ikavunjikia Long Beach, California. Pesa zimeisha, kikundi kimesambaratika, na nyumbani ni mbali kweli kweli. Kijana ana miaka 18, ana mke, ana mikono kumi ya kucheza piano na hana hata nauli. Akaamua kubaki Los Angeles, akawa anapiga piano mbovu kwenye vibaa vya kila aina.

Klabu moja ikamwomba alete kikundi kidogo. Akampata Oscar Moore wa gitaa na Wesley Prince wa besi. Ngoma hazikuwepo. Inasemekana mpiga ngoma aliyetarajiwa hakutokea, na kama ni kweli basi huyo msee alifanyia muziki jambo kubwa kwa kulala. Bila ngoma, watatu hao walilazimika kusikilizana sana. Gitaa na piano vikawa vinapokezana mazungumzo, besi inashika njia. Watu wakaanza kumwita King Cole kutokana na wimbo wa watoto wa Kiingereza kuhusu mfalme mzee wa jina hilo, na jina likaganda.

Nataka ulishike jambo hili kwa sababu wengi hawalijui. Nat alikuwa mpiga piano kwanza. Sio mwimbaji anayejua piano kidogo, hapana, alikuwa mmoja wa wapiga piano wakali zaidi wa kizazi chake. Oscar Peterson alijifunza kwake. Ray Charles, kabla ya kupata sauti yake mwenyewe, alikuwa anamwiga Nat kila kitu, uimbaji na vidole. Mnamo Julai 1944, tamasha la kwanza la Jazz at the Philharmonic lilipofanyika Los Angeles, Nat ndiye aliyekaa kwenye piano. Mkataba na kampuni yake haukumruhusu kurekodi kwingine, kwa hivyo kwenye santuri aliandikwa kwa jina la kubuni, Shorty Nadine. Jina la mke, umeona?

Kuimba kulikuja polepole. Kuna hadithi maarufu ya mlevi aliyemlazimisha aimbe usiku mmoja, na Nat mwenyewe hakuithibitisha. Ukweli unaonekana wa kawaida zaidi. Aliimba nyimbo mbilitatu ili usiku usichoshe, wateja wakapenda, akaongeza.

Wimbo uliomtoa ulitoka kwenye mahubiri ya babake. Mchungaji Coles alikuwa na kisa cha tumbusi aliyewadanganya wanyama wapande mgongoni awabembeze angani, kisha akawadondosha na kuwala. Siku ya tumbili, tumbili akamzungushia mkia shingoni, akakaza, na tumbusi akalazimika kunyooka. Ukiwa umekua na hadithi ya kima na papa, ule moyo ulioachwa mtini, basi unaona tumbili ni tumbili popote pale. Nat akakigeuza kisa hicho kuwa kibao cha kuchangamka, Straighten Up and Fly Right, kilichorekodiwa Novemba 1943 kwa kampuni changa ya Capitol. Kilivuma hadi kwa Wazungu na kikauza zaidi ya nakala nusu milioni.

Lakini hapa pana uchungu. Haki za wimbo huo alikuwa ameshaziuza zamani, alipokuwa hana kitu, kwa dola 50. Hamsini! Kama wewe ni mtayarishaji wa biti hapo Umoja au Kayole na kuna mtu anakuletea karatasi usaini leo leo kwa sababu ana haraka, simama hapo kidogo.

Kufikia katikati ya miaka ya arubaini, kikundi chake kilikuwa na kipindi cha redio kitaifa chenye mfadhili, kampuni ya mafuta ya nywele, jambo ambalo wanamuziki weusi walikuwa hawajalizoea kabisa. Mnamo 1947 likaja jambo la ajabu zaidi. Jamaa mmoja mwenye ndevu na nywele ndefu, aliyejiita eden ahbez kwa herufi ndogo na aliyekuwa akilala nje California, alimletea wimbo kupitia meneja wake. Wimbo uliitwa Nature Boy. Nat aliurekodi na vinanda vya kuburutwa kwa upinde badala ya wale watatu wake, ukakaa nambari moja Marekani kwa wiki kadhaa. Kuanzia hapo, kampuni ilijua hela iko wapi, na hazikuwa kwenye piano.

Mnamo 1948, ndoa ya Nadine ikiwa imevunjika, alimwoa Maria Hawkins Ellington, mwimbaji aliyewahi kuimba na Duke Ellington ingawa hawakuwa na undugu wowote. Harusi ilikuwa siku ya Pasaka, Harlem, kanisa la Abyssinian, na aliyeifungisha ni Adam Clayton Powell, mchungaji na mbunge. Ilikuwa harusi ya mjini, si mchezo. Kisha maharusi wakaenda kutafuta keja.

Sasa sikiliza vizuri. Hancock Park ni mtaa wa kishua Los Angeles. Mijumba mikubwa, nyasi zilizokatwa, miti ya miaka mingi. Hati za nyumba nyingi za mitaa ya namna hiyo ziliandikwa sharti kwamba mtu mweusi haruhusiwi kununua wala kuishi hapo, isipokuwa kama ni mtumishi. Wazee wetu wa Nairobi wanajua kitu hicho, Muthaiga ya nani na Pumwani ya nani. Mnamo Mei 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mahakama haziwezi kulazimisha masharti hayo yafuatwe. Miezi michache baadaye, Nat na Maria wakanunua nyumba ndani ya Hancock Park.

Majirani walikutana, wakaunda chama, wakatafuta mawakili. Wakajaribu kumnunua ili aondoke. Katika kikao kimoja walimweleza kwa adabu zao kwamba hawataki watu wasiofaa waingie mtaani. Nat akawajibu kwamba yeye pia hataki, na akimwona yeyote wa aina hiyo atakuwa wa kwanza kulalamika. Ukiisoma mara ya kwanza unacheka. Ukiisoma mara ya pili unajiuliza ni mtu wa aina gani anayeweza kusema hivyo bila sauti kupanda.

Wengine hawakuwa na adabu hata ya kuigiza. Kwenye nyasi za mbele ya nyumba yake kulichomwa tusi la ubaguzi, herufi kwa herufi. Mbwa wa familia akapewa sumu akafa. Na wakati huo huo, ndani ya nyumba zile zile za jirani, kwenye gramafoni za sebuleni, haikosi santuri za Nat zilikuwa zinazunguka. Walitaka sauti ije wakati wa chakula cha jioni, ikae kwenye kiti chenye mito, iwafurahishe wageni. Mwenye sauti asipande ngazi zao.

Hakuhama. Aliwalea watoto pale pale. Walikuwa watano hatimaye: Carole, ambaye alikuwa mtoto wa dada ya Maria waliyemchukua baada ya mamake kufa, kisha Natalie aliyezaliwa 1950, kisha Kelly waliyemlea kama wao, na mapacha Casey na Timolin waliozaliwa 1961.

Mwaka wa 1951 watu wa ushuru waliikamata nyumba hiyo hiyo. Alikuwa na deni la kodi la karibu dola 150,000. Wengine mtaani walifurahi, nadhani unaweza kukisia. Hakuwa mtu wa hesabu, alikuwa akitumia pesa kama mvua haitaacha kunyesha. Walielewana na serikali akalipa kidogo kidogo, nyumba ikabaki yake.

Vibao vilimwokoa. Mona Lisa ya 1950 ilikaa kileleni na ikashinda tuzo ya Oscar kama wimbo bora wa filamu. Too Young ilifuata, halafu Unforgettable. Kile kikundi cha watu watatu kilififia, yeye akasimama mbele ya okestra akiwa na suti iliyopigwa pasi na mikono haina kazi. Mashabiki wa jazz walinuna. Walisema ameuza kipaji. Mimi nawaelewa nusu. Nusu nyingine inaniambia kuna watoto, kuna KRA yao mlangoni, na mtu anakula kwa kile kinachonunuliwa. Capitol ilipojenga jumba lake la duara pale Hollywood mwaka wa 1956, watu wa muziki walisema kwa utani kwamba ni Nat aliyelijenga, kwa jinsi santuri zake zilivyoliingizia fedha.

Mwaka huo wa 1956 ndio ulionifanya niandike makala haya.

Aprili 10, Birmingham, Alabama. Ni jimbo alikozaliwa, na Montgomery iko mwendo wa saa kadhaa tu kwa gari. Wakati huo watu weusi wa Montgomery walikuwa mwezi wa tano wakisusia mabasi, wanatembea kwa miguu kwenda kazini, wakiongozwa na mchungaji kijana aliyeitwa Martin Luther King. Nat alikuja Birmingham kuimba na bendi ya Ted Heath kutoka Uingereza. Sheria za mji ziligawanya watazamaji, kwa hivyo kulikuwa na shoo mbili: ya Wazungu kwanza, ya watu weusi baadaye usiku. Na alikubali.

Alikuwa kwenye wimbo wa tatu. Wanaume kadhaa wakatoka mbio kwenye viti, wakaruka jukwaani. Walitoka katika kundi la Wazungu lililopinga watu weusi kuchanganyika nao. Mmoja alimrukia Nat, akaangukia benchi la piano, mgongo ukaumia. Polisi waliokuwa ukumbini wakakimbilia jukwaani na kwa muda kukawa na ngumi ovyo ovyo. Wanaume sita walikamatwa, na kwenye gari lao kulipatikana bunduki na vifaa vya kupigia watu.

Yule jamaa alirudi jukwaani. Ukumbi wa Wazungu ukasimama, ukampigia makofi kwa dakika nyingi. Akawaambia kwamba alikuja kuwaburudisha tu, na kwamba hawezi kuendelea kwa sababu ya maumivu. Akatoka. Lakini baadaye usiku ule ule, akiwa na mgongo wake, aliwaimbia watu weusi shoo yao ya pili.

Ungedhani baada ya hapo dunia nzima ingemkumbatia. La. Wanahabari walipomuuliza, alijibu kwamba yeye ni mburudishaji, si mwanaharakati, na kwamba haelewi kwa nini walimshambulia mtu ambaye hajagombana na yeyote. Alisema pia kwamba ataendelea kuimba Kusini. Magazeti ya watu weusi yakamrarua. Watu wanatembea maili nyingi Montgomery wakikataa kiti cha nyuma cha basi, na wewe unakubali kuimbia ukumbi ambao mama yako haruhusiwi kuketi? Kuna baa za watu weusi zilizotoa santuri zake kwenye mashine. Viongozi wa NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za watu weusi, nao walimkosoa waziwazi.

Fikiria hiyo wiki yake. Jumanne anapigwa na Wazungu kwa kuwa mweusi. Kufikia Jumapili anapigwa na watu weusi kwa kutokuwa mweusi vya kutosha.

Alijitetea. Alieleza kwamba alikuwa ametoa pesa kwa mgomo wa mabasi wa Montgomery, na kwamba alishawahi kuzishtaki hoteli za kaskazini zilizomwajiri aimbe na kumnyima huduma. Muda mfupi baadaye akalipia uanachama wa maisha wa NAACP. Je, alilazimika, au ndivyo alivyokuwa akifikiri siku zote na hakupenda kupiga kelele? Nimelizungusha swali hili na mabeste zangu, na tumegawanyika. Mmoja anasema mtu anayechomewa tusi kwenye nyasi na bado anatabasamu amevunjika mahali. Mwingine anasema kubaki ndani ya nyumba hiyo miaka yote, ukinyunyizia nyasi hizo hizo maji, ni vita kuliko hotuba. Mimi naona kule Birmingham alikosea kuikubali ile shoo iliyogawanywa. Naona pia kwamba ni rahisi sana kwangu kusema hivyo nikiwa kwenye kiti Nairobi, mgongo wangu mzima.

Miezi saba baadaye akaingia kwenye runinga. Novemba 5, 1956, kituo cha NBC kilianza The Nat King Cole Show, dakika 15 kwa wiki, baadaye nusu saa. Mtu mweusi mwenye kipindi chake kwenye mtandao wa kitaifa, ndani ya sebule za Wamarekani, kila wiki. Hakuwa mchekeshaji wala mtumishi wa mtu kwenye mchezo. Alivaa suti, alisimama karibu na piano, akawakaribisha wageni kama mwenye nyumba.

Kilichokosekana ni mfadhili. Makampuni makubwa yaliogopa wateja wao wa Kusini. Kampuni moja ya vipodozi iliona kwamba mtu mweusi hawezi kuuza rangi ya mdomo, yaani hawakujiuliza wanawake wangapi walikuwa tayari wakipaka rangi ya mdomo huku wakimsikiliza. Palikuwa na wafadhili wa miji hapa na pale, lakini wa nchi nzima hapana. NBC ikabeba gharama. Marafiki wakaja kumwokoa: Ella Fitzgerald, Harry Belafonte, Peggy Lee, Sammy Davis, Mel Tormé, Eartha Kitt. Watu waliolipwa maelfu walikubali kile kiwango cha chini cha chama cha wafanyakazi ili kipindi kisife. Nat mwenyewe aliacha shoo zenye hela nzuri ili awe studioni kila wiki.

Kipindi kilidumu kama mwaka mmoja. Kituo kilipotaka kukihamishia saa isiyo na watazamaji, alikataa, na cha mwisho kikaenda hewani Desemba 17, 1957. Baadaye aliandika katika jarida la Ebony kwa nini aliacha, na safari hii hakuwa mpole hivyo. Lawama hakuiweka kwa watazamaji wala kwa kituo. Aliielekeza kwa wenye mashirika ya matangazo ya New York, ambao kwa maoni yake waliogopa giza. Soma tena hiyo. Mwanamume ambaye kila mtu alimwona kama siagi alikuwa na wembe mfukoni.

Nje ya Marekani alipendwa sana. Alienda Havana, akaimba Tropicana, lakini hoteli maarufu zaidi ya mji haikumpa chumba. Hakujua Kihispania, ila alijifunza maneno kwa masikio na kutoa albamu nzima, Cole Español, mnamo 1958. Wenye lugha yao walimcheka matamshi na wakanunua. Ndiyo maana leo kuna wazee Mexico na Brazil wanaodhani huyu ni wao.

Na sigara. Sijui nikuambie vipi hili bila kuonekana mzazi. Alivuta pakiti tatu kwa siku, za menthol. Aliamini kwamba moshi ndio ulioipa sauti yake ule uzito, kwa hivyo kabla ya kurekodi aliwasha kadhaa mfululizo kama mtu anayepasha koo joto. Picha zake nyingi zina fegi mkononi, kwenye kishikio, maridadi kabisa.

Mwaka wa 1964 mambo yalijaa kwa pamoja. Ndoa ilikuwa inayumba kwa sababu ya uhusiano wa nje. Alikuwa akipiga filamu ya Cat Ballou huku akiimba usiku, anakonda, mgongo unauma. Mwanzoni mwa Desemba alirekodi albamu yake ya mwisho, L-O-V-E, ambayo wimbo wake mkuu aliuimba hata kwa Kijapani. Siku chache baadaye madaktari wakaona saratani ya mapafu. Alilazwa Santa Monica, na Maria alikuwa naye. Januari 25, 1965 wakaliondoa pafu la kushoto. Februari 1 baba yake, yule mchungaji wa kisa cha tumbusi, akafa. Februari 15 Nat naye akamfuata. Alikuwa na miaka 45.

Kanisani kwenye mazishi walikuwepo Frank Sinatra na Robert Kennedy, na mchekeshaji Jack Benny ndiye aliyetoa hotuba ya kumuaga.

Natalie alikuwa ametimiza miaka 15 siku tisa tu kabla. Alikuja kuwa nyota mwenyewe, akapitia dawa za kulevya akatoka, na kwa miaka mingi hakutaka kuimba nyimbo za babake. Mnamo 1991 alikubali. Mafundi walichukua sauti ya Nat kutoka rekodi ya zamani ya Unforgettable, wakaiweka pamoja na ya binti yake, baba na mtoto wakaimba kwa zamu. Mwaka uliofuata wimbo huo na albamu yake vilizoa Grammy kubwa.

Sasa kama uko tayari, usianze na huo. Usianze hata na wa Krismasi. Tafuta albamu inayoitwa After Midnight, iliyotoka 1957. Aliirekodi kati ya Agosti na Septemba 1956, miezi michache tu baada ya Birmingham na kabla ya runinga. Hakuna okestra. Kuna gitaa la John Collins, besi, ngoma, na marafiki wanaopita mmoja mmoja kucheza, Harry Edison na tarumbeta yake, Stuff Smith na fidla. Nat amerudi kwenye benchi la piano. Vaa zile earphone zako, puuza sauti kwanza, na sikiliza mkono wa kulia.